Bandeji ya Mguu Mzima

Mwaka jana nilionea wivu mguu mgonjwa. Ulikuwa wa pacha wangu, aliyenitangulia kutoka tumboni kwa muda usiotosha kuchemsha chai, na kwa muda huo mfupi akawa yaya, mkubwa wangu, hadi leo tukiwa wazee wenye mvi.

Kwetu hapa Kapata, mtaa wa Kolwezi, pacha huitwa mapasa, na anayempa mmoja kitu humpa na mwenzake. Mama alinunua kaptula mbili, na mmoja akichapwa, mwingine aliitwa apokee fungu lake. Wazee walisema pacha aliyeachwa mikono mitupu hununa, na kununa huko humrudisha alikotoka, akafa. Wengi walikua wakaiacha desturi hiyo. Mimi niliishika kwa sababu ilinifaa.

Yaya alivuta sigara tangu mwezi wake wa kwanza mgodini. Ukaja uzee, kigimbi kikawa kinambana kila akitembea, kisha mguu ukawa baridi, kisha kidonda cha kidoleni kikakataa kupona, ukingo wake ukawa mweusi. Daktari wa Kolwezi alisema mishipa inayoshusha damu mguuni imeziba, na damu isipopita, watakata chini ya goti. Lakini Lubumbashi, kwenye kliniki moja, alikuwa amefika daktari mgeni na mashine ya leza. Anaingiza waya mwembamba kinenani, anaufikisha palipoziba, na mwanga wa ncha yake unachoma uchafu mpaka damu ipate njia.

Basi ikawa mguu wa yaya asubuhi, mguu wa yaya jioni. Kanisani waliuombea. Dada yetu alitoka Sandoa na kuku wawili, akampikia yeye kwanza. Hakuna aliyeniuliza nimelalaje. Roho iliniuma, sitaficha. Siku ya nne nikaanza kuchechemea.

Naona haya kuandika, lakini nilichechemea vizuri. Dada akasema, "Na huyu bamupime. Ni mapasa, hatutaacha mumoja." Tukapanda gari wote watatu, tukapita Fungurume nyuma ya malori ya shaba, yaya ameunyoosha mguu wake juu ya mapaja yangu. Baridi yake ilipenya suruali yangu. Nami nilichowaza ni kwamba yeye ndiye aliyepewa dirisha.

Kliniki walitupima presha mikononi na kwenye vifundo vya miguu, wakasikiliza damu kwa mashine. Daktari akaniita pembeni na dada. Miguu yangu, alisema, inapitisha damu kama ya kijana. Mtu mwenye akili angemshukuru Mungu. Mimi niliona nimenyimwa.

Yaya alikuwa kitandani tayari, amevalishwa gauni la wagonjwa. Aliponiona bado nina nguo zangu, akaketi.

"Wewe batakuingiza saa ngapi?"

Nikainama kufunga kamba za kiatu.

"Kama hauingie, na mi siingie. Mi nipone, wewe ubakie mikono mitupu? Nitakuzika sababu ya muguu yangu?"

Daktari alikuwa anaondoka kesho yake. Neno langu moja lingetosha: pacha anayeachwa akisema kwa kinywa chake "nimekubali," hakuna ubaya tena. Dada alinitazama, akalisubiri. Lilikuwa ulimini, nikalimeza. Nikamfuata mama muuguzi kwenye korido, nikamwomba anifunge bandeji kinenani na mimi.

Alikuwa Muluba, anajua mambo ya mapasa, hakuhitaji kuelezwa mara mbili. "Tata, baba mzima, haya hauna?" alisema, huku akikata bandeji.

Nikangoja koridoni saa nzima, ili aamini, kisha nikalala kitanda cha pili. Yaya aliponiona nimefungwa, akacheka. "Ah, leo ulitangulia wewe." Akakubali kusukumwa ndani. Nilikuwa nimetangulia kwa mara ya kwanza maishani, na nilifurahi.

Alikaa humo zaidi ya saa mbili. Dada alisali rozari. Mimi, Mungu anisamehe, kuna dakika moja nilipotamani daktari atoke akitikisa kichwa. Alitoka akasema mshipa mkubwa umefunguka. Ule mdogo, unaolisha kidole chenye kidonda, angeumalizia asubuhi kabla ya kuondoka.

Walipomrudisha nikagusa unyayo wake. Ulikuwa na joto. Machozi yakanitoka, dada akadhani ni ya furaha. Furaha ilikuwamo, ila ilichelewa kufika.

Jioni, yaya akiwa bado amekatazwa kuinuka, aliniambia nilete mguu wangu. Nikauinua kutoka kwenye saruji baridi, nikauweka kwenye ukingo wa kitanda chake. Akaupapasa kwa muda, uso wake ukabadilika.

"Ya kwako iko baridi," alisema. "Yangu inawaka. Balikukosea, mudogo wangu. Ile zamu yangu ya kesho, nitaambia dokotere akupatie wewe."

"Na kidole chako?"

"Kidole ni kidole. Wewe ni mutu."

Nikaifungua bandeji mbele yake. Chini yake ngozi ilikuwa nzima, haina hata tundu la sindano. Nikamwambia yote, hata ile dakika. Kisha nikasema, "Nimekubali, yaya. Kesho uingie wewe tu."

Nilingoja anitukane, nami ningepokea.

"Sawa," alisema. "Lakini ile bandeji, funga tena. Kwa Kapata batatuuliza bote babili."