Besi ya Mtu wa Mashoto

Siku niliyoanza kazi sikuwa natafuta kazi. Nilikuwa nimeachia shule darasa la saba. Nikatoka kwetu Saboti na shati moja mwilini na jingine kwenye mfuko wa sukari, nikafuata barabara ya Kitale kwa sababu upande ule mwingine nilikuwa nimeshauona. Mchana, nikipita kando ya hoteli moja, nilisikia mngurumo mtamu, nikaingia kuangalia ni mashine gani.

Lilikuwa gitaa la besi, lenye nyuzi nne nene na sauti ya chini inayosikika zaidi magotini kuliko masikioni. Mpigaji wake alikuwa amehama bila kuaga, na Kiongozi wa Bendi alikuwa akilipapasa mwenyewe kwa hasira.

"Unajua kupiga?" akaniuliza.

"Sijui. Nataka kujua linanguruma aje."

"Shika basi. Ukiliangusha, utarudi kwenu na miguu."

"Hata kuja nimekuja na miguu."

Mimi ni mashoto. Nyumbani nilichapwa sana kwa kula ugali na mkono wa kushoto. Nikaligeuza gitaa, nyuzi nazo zikageuka: uzi mnene ukawa chini, mwembamba juu. Mpiga ngoma alicheka hadi akaangusha vijiti.

"Si hilo limesimama na kichwa, bana," akasema Kiongozi.

Lakini kuzipanga nyuzi upya hakukuwezekana. Siku zile vyombo vilikuwa vya mwenye bendi. Sisi tulileta vidole tu, na gitaa hilohilo lilipigwa na wengine wa mkono wa kulia. Nikajifunza hivyohivyo, juu chini. Kiongozi alinifundisha kanuni moja tu: besi itembee na mguu wa mpiga ngoma. Ukimpita, wanaocheza wanajikwaa.

Baada ya Kitale nilihamia Bungoma, kwenye bendi ya harusi. Meneja wetu alikuwa mama muuza vitambaa, mwenye sauti iliyoshinda spika.

"Wewe, mke huna, shamba huna, hata gitaa huna," alinitania. "Ukifa tutarithi nini?"

"Mkanda, mama."

Ni kweli. Mkanda wa ngozi wa kuvalia gitaa ndio uliokuwa mali yangu. Kila nilipochoka na mji niliukunja mfukoni nikaenda. Nimepiga harusi, matanga, sherehe za tohara na mikutano ya kuuza mbegu, na sikuchoka hata siku moja kuona bibi kizee akiacha fimbo ili acheze. Hatimaye mgongo ulistaafu, nami nikaufuata.

Ndipo nikasikia habari za fundi wa Kapsokwony anayetengeneza magitaa kwa kuagizwa, kwa kipimo cha mpigaji. Pesa nilikuwa nimeweka. Hofu yangu ilikuwa nyingine. Gitaa lako mwenyewe linataka msumari, msumari unataka ukuta, na ukuta unataka mtu anayelala palepale. Nilipanda pikipiki nikijiambia naenda kuangalia tu.

Fundi alinipima mkono kama mshonaji nguo. Kisha akanipa besi ya mashoto aliyokuwa akimmalizia mteja, nyuzi zimepangwa vile inavyotakiwa. Nikapiga wimbo ninaoujua kuliko jina langu. Ukatoka kama mlevi anayetafuta mlango. Mke wa fundi, aliyekuwa akipiga msasa dirishani, akafunika mdomo.

"Mzee, ati ulikuwa unalipwa?"

Nikaligeuza gitaa lingine, la mkono wa kulia, nikawapigia juu chini, kama nilivyozoea. Mama akaweka msasa chini, mabega yakaanza kucheza yenyewe.

Fundi alitazama vidole vyangu kwa muda mrefu. "Kwa hivyo umbo liwe la mashoto, lakini nyuzi zikae kinyume."

"Unaweza?"

"Naweza kukutengenezea kosa lako vizuri sana. Lakini hakuna mwingine atakayelipiga. Hutaliuza, hutaliazimisha. Ni wewe na lenyewe."

Hilo ndilo nililokuwa nikilikimbia tangu Saboti. Ajabu, lilipotamkwa nilijikuta nacheka.

"Litengeneze," nikasema.

"Mbao hukauka polepole na baridi hii. Njoo baada ya miezi mitatu."

Nilitazama barabara inavyoteremka kuelekea Bungoma. Kwa mara ya kwanza maishani mwangu, sikutaka kujua mwisho wake.

"Hapa kuna chumba cha kukodi?"

"Nyuma ya duka la mbolea," akajibu mama. "Lakini pembe moja inavuja."

"Na zile tatu?"

"Ziko sawa."

Jioni hiyo, kabla hata ya kutandika godoro, niliazima nyundo kwa fundi. Nikapigilia msumari kwenye pembe kavu kuliko zote, nikatundika mkanda.