Sikio la Kulia la Baba

Masikio ya baba yangu yalijulikana kuliko jina lake. Alikuwa mkamuaji wa ng'ombe kwenye shamba la mzungu upande wa Moiben, lakini wageni wa mwenye shamba walipofika kutoka Nairobi hawakuuliza habari za maziwa. Waliuliza, "Yuko wapi yule mzee wa ndege?" Baba alifuta mikono kwenye suruali, akawapeleka mtoni, akasimama, akainamisha kichwa kidogo, kisha akasema, "Yule pale." Na ndege alikuwa pale kweli. Hakujua kusoma hata bango la duka, ila alijua ndege gani analia, na kama amekasirika au anatongoza. Hayo ya kutongoza yalinipa taabu sana nilipoanza kuwa mkalimani wake, maana nilikuwa msichana wa chuo cha ualimu, na maneno mengine hayakufundishwa darasani.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Bendera ilikuwa imeshabadilishwa, na wazungu wa Uasin Gishu walikuwa wakiuza mashamba na kufunga masanduku. Wafanyakazi wa shamba letu na majirani waliungana kulinunua. Mama aliuza ng'ombe aliopewa na ndugu zake, akauza na kuku, mpaka jina la Baba likaandikwa kwenye daftari la wanachama. Kilichobaki kilikuwa kura. Kila mwanachama alitakiwa kufika mwenyewe, atie mkono kwenye kofia, atoe karatasi yenye namba ya kipande chake. Asiyefika, nafasi yake ingepewa mwingine, na waliokuwa wakiingojea walikuwa wengi.

Kwetu, kilichotukwamisha kilikuwa ndege mmoja mdogo: kigogota, yule agongaye miti. Wazee wetu walituachia desturi kwamba mtu akitoka nyumbani kwa safari ya jambo zito, amsikilize. Akilia mkono wa kulia, nenda, njia ni nyeupe. Akilia mkono wa kushoto, geuka urudi, usibishane. Mwaka ule kila Baba alipotoka kwenda mkutano wa wanunuzi, alirudi kabla chai haijapoa. "Amelia kushoto," alisema kila mara, kisha akavua koti. Mara ya kwanza Mama alimmiminia chai. Mara ya pili aliguna. Mara ya tatu alisimama mlangoni na mwiko mkononi.

"Huyo ndege yako amesema watoto wangu watalala wapi mzungu akienda?" aliuliza. "Wamesema siku ya kura ukikosa, jina linafutwa. Rudi tena siku hiyo, uone."

Baba alitundika koti msumarini. Mimi nilikuwa upande wa Mama, na nilikuwa na hasira. Niliona haya kwamba baba yangu, katika nchi iliyojipatia uhuru, bado anaomba ruhusa kwa ndege.

Siku chache kabla ya kura, mwenye shamba alimwomba Baba ampeleke rafiki yake kuona ndege wa kaskazini, mpaka kwenye nchi ya mawe meusi kupita Baringo. Mgeni alikuwa mama wa kizungu, mzee, mwembamba, mwenye darubini shingoni na magoti mabovu. Nilikwenda ili kutafsiri. Gari lilikuwa Landrova ya Msomali mmoja wa Eldoret, msafirishaji mwenye duka mjini, aliyeendesha mwenyewe kwa sababu hakumwamini dereva yeyote aliyezaliwa na mwanamke. Nilimuuliza Baba kama alikuwa amemsikiliza kigogota kabla ya kupanda. Akacheka. "Hii ni safari ya mzungu. Haimhusu ndege wangu."

Tuliteremka Tambach, tukavuka Kerio, tukapanda na kushuka tena mpaka Baringo. Baba alikaa mbele, mimi na mgeni nyuma. Dereva alizungumza njia nzima. Alisimulia habari za ngamia, za bei ya matairi, za mkwe wake mvivu, na Baba akatazama nje ya dirisha bila kuitika. Tuliposimama kunywa chai dereva alinivuta kando.

"Sasa wewe msichana, mzee wako ananiringia nini? Wallahi, tangu Tambach naongea na yeye kama naongea na gunia."

Nikaomba radhi, nikasema Baba ni mtu wa maneno machache. Uongo huo. Baba alikuwa mtu wa maneno mengi sana.

Kesho yake kwenye majabali ya Baringo tulisikia hondohondo wakipiga kelele. Baba aliinamisha kichwa, akaonyesha kushoto. Mgeni akageuza darubini kushoto. Hakuna kitu. Hondohondo wakaruka kutoka kulia, wawili, midomo yao mikubwa ikitangulia. "Ni mwangwi," nilieleza haraka kwa Kiingereza. "Majabali yanarudisha sauti." Mgeni akakubali. Nami nikakubali, maana nilikuwa nimeshajidanganya kwanza.

Siku ya tatu tulifika Kapedo. Ukitoka kwenye nyasi zetu za Uasin Gishu, nchi ile inakushika koo. Mlima ulitapika moto zamani, na matapishi yakaganda: mawe meusi mpaka macho yanapochoka, na katikati yake maji yanayochemka yakianguka kwenye mto na kutoa moshi. Hapakuwa na ukuta wa jabali wa kurudisha sauti, wala mti wa kumficha ndege. Tulikuwa tukitembea polepole kwa ajili ya magoti ya mgeni, ndipo kwale akalia mkono wetu wa kulia, karibu kabisa. Nilimwona. Mgeni alimwona. Alikuwa juu ya jiwe, amenyoosha shingo, anapiga kelele kama mwenye nyumba aliyevamiwa.

Baba aliinamisha kichwa, akanyoosha kidole kushoto. "Yule pale," akasema. "Kwale."

Mgeni alinitazama. Kisha, taratibu, akageuza darubini yake kushoto, kwenye mawe matupu, akatazama kwa muda mrefu. "Nimemwona," alisema. "Mwambie baba yako nimemwona vizuri. Mzuri sana." Akafungua daftari lake, akaandika kwale.

Nikamtafsiria Baba. Baba akatabasamu. Nilikuwa nimempenda baba yangu miaka yote bila kufikiri, kama mtu anavyokunywa maji. Pale kwenye mawe nilimpenda mpaka nikaumia.

Alasiri mgeni alipumzika kivulini mwa gari na dereva akawa chini ya injini. Baba alikaa kwenye jiwe, miguu ndani ya kijito mahali maji yalipokuwa yamepoa kidogo. Nikakaa mkono wake wa kulia. "Baba," nikasema, si kwa sauti kubwa. Kimya. Nikazunguka upande wa kushoto. "Baba."

"Naam."

Nikarudi kulia. "Baba." Kimya. Nikaenda kushoto. "Baba."

"Wewe unazunguka nini kama kuku anayetafuta pa kutaga? Kaa chini."

Nilikaa. "Baba, sikio lako la kulia halisikii."

Alitazama maji. Nilidhani atakasirika, na kwa kweli ningefurahi akikasirika.

"Tangu mvua za mwaka jana," alisema mwishowe. "Lilianza kuvuma kama mzinga wa nyuki, halafu siku moja nyuki wakahama. Mama yako hajui. Mzungu hajui. Nani anamtaka mzee wa ndege mwenye sikio moja?"

"Na sauti zikija, unazisikia wapi?"

"Nazisikia tu." Alifikiri. Akagusa sikio la kushoto. "Hapa. Zote zinaingia hapa."

"Na kigogota je?"

Alitoa mguu mmoja ndani ya maji, akausahau hewani. Niliona jambo likimwingia polepole, kama mtu anayepokea barua na kuisoma kwa kuunganisha herufi. Mikutano yote mitatu. Koti lililovuliwa. Mama na mwiko wake.

"Kumbe nimemsingizia," alisema. "Mwaka mzima nimemsingizia ndege wa watu." Akacheka, kisha akaacha kucheka. "Pengine alikuwa ananiita niende."

Nikaona nimeshinda. Nikamwambia basi, siku ya kura atakwenda bila kumsikiliza. Alinigeukia kama nimemtukana.

"Kwa nini? Ndege hana kosa. Msikilizaji ndiye mbovu. Siku hiyo utatembea mkono wangu wa kulia, usikilize wewe. Ukisema kulia, nitakwenda. Ukisema kushoto, nitarudi, na Mama yako anipige na huo mwiko."

Tukakubaliana hivyo. Tulipopanda gari nilimwomba Baba aketi nyuma nami, nikamnong'oneza dereva kwa nini mzee hakuwa akimjibu. Msomali yule alishika kichwa. "Na mimi nimemtukana moyoni siku tatu! Nisamehe, Mzee," alipaza sauti. Njia yote ya kurudi alipiga kelele mpaka mgeni akauliza kama wanagombana.

Siku ya kura Mama alipiga koti la Baba pasi ya makaa mara mbili. Akamfunga vifungo yeye mwenyewe, kimoja kimoja. Kura ilikuwa kwenye uwanja wa shule, mwendo wa saa moja kwa miguu. Tulitoka, mimi nimemshika Baba mkono wa kulia. Tulipita zizi, tukapita mikaratusi ya mzungu, tukaingia kwenye njia ya miti ya miwati. Nilikuwa nikiomba asilie ndege yeyote. Mimi niliyeona haya kwa ajili ya ndege, nilikuwa nikisikiliza kila jani.

Alilia tulipofika kwenye mti mkavu ulio kabla ya daraja. Sauti ilikuwa kali, karibu, bila shaka yoyote. Baba alisimama. Hakuinamisha kichwa. Alinitazama tu, kama watoto wanavyomtazama mwalimu anayesoma matokeo.

"Wapi?" aliuliza.

Kigogota alikuwa kushoto. Nilimwona kwa macho yangu, mgongo wake na kichwa chake chekundu, ameng'ang'ania shina mkono wa kushoto wa njia. Nikamkumbuka mama wa kizungu akitazama mawe matupu.

"Kulia, Baba," nikasema. Nikamvuta mkono.

Akaja. Uwanjani alitia mkono kwenye kofia, akatoa karatasi. Ilikuwa namba ya kipande cha chini kando ya mto, nusu yake tope, ambacho wengine walikuwa wakiomba kisiwaangukie. Tope lile lilikuwa limejaa korongo, wale ndege wa miguu mirefu. Nilipomwambia Mama alilia, kisha akaniuliza ni tope kiasi gani.

Niliubeba uongo ule zaidi ya miaka kumi. Kila ng'ombe alipokufa, kila mahindi yalipokauka, nilimkumbuka yule kichwa chekundu. Ndugu yangu mdogo alipougua sana mwaka mmoja, sikulala. Nilijua ni mimi. Alipona. Hata hivyo siku moja nilitoka mjini, nikiwa sasa mwalimu na mke wa mtu, nikamkuta Baba ameketi mbele ya nyumba yake akiota jua, nikamwambia yote.

Hakushangaa. Aliendelea kuondoa punje kwenye gunzi la mahindi.

"Nilijua," alisema. "Akiwa kulia, alikuwa akinifikia kwa mbali, amechoka. Yule alilia ndani ya sikio langu zima kabisa. Kushoto, palepale. Baada ya Kapedo nilijifunza kutofautisha."

"Na bado ulikwenda? Wewe?"

Alitupa gunzi, akachukua lingine. Huko topeni korongo wawili walikuwa wakiitana.

"Upande wa kulia sikuwa nasikia kitu," alisema. "Lakini mkono wako ulikuwa huko."