Mvua ya Vijiti

Kichuguu kiko nyuma ya jiko la bibi, kijijini Heru Juu, na kimelizidi jiko kwa ukubwa. Baba mdogo alikitaka. Udongo wa kichuguu hutoa matofali mazuri, na yeye alikuwa anajenga. Mwaka uliopita hakikutoa kumbikumbi hata mmoja, hivyo akasema kimekufa. Bibi, aliyekikuta hapo siku alipoolewa, alimwambia asubiri mvua. Kumbikumbi wakitoka, kichuguu ni kizima na kitabaki. Wasipotoka, alete jembe.

Kazi ya kuwatoa nilipewa mimi. Sikuiomba. Niliishia kidato cha nne, na tangu hapo najisomea kwenye simu. Nyumbani kwetu mtu anayesoma bila kulazimishwa hupewa kazi ambazo wengine hawazitaki.

Kumbikumbi, mchwa wenye mabawa tunaowala, husubiri mvua za kwanza zilowanishe ardhi, ndipo waruke, watue, wadondoshe mabawa na kuchimba makao mapya. Sisi huwa hatuna subira hiyo. Tunasimika fito juu ya kichuguu, tunazifunika kwa blanketi na majani ya migomba, tunachimba shimo upande mmoja wa kuwapokea, tunanyunyiza maji, kisha tunagonga vijiti juu ya gogo mpaka walio chini waamini kwamba mvua inanyesha. Zamani bibi aliifanya kazi hiyo huku akipiga soga.

Mimi nilifumua kibanda changu mara kadhaa kwa sababu ya ufito mmoja uliopinda. Nilirekodi mvua ikinyesha juu ya bati ili nijifunze mdundo wake. Bibi aliisikiliza simu mpaka mwisho.

"Mjukuu wangu, mchwa wanaishi chini ya bati?"

Nikaifuta rekodi.

Kisha mvua yenyewe ikaja kabla ya wakati wake, alasiri moja, kubwa, ikakatika ghafla. Kijiji kizima kikatoka na vijiti. Vichuguu vya majirani vikatoa. Chetu kikanyamaza. Niligonga mpaka mikono ikafa ganzi. Jirani akapita na ndoo yake imejaa.

"Profesa, hao wako wanasubiri barua ya mwaliko?"

Baada ya hapo likawa jua tupu. Maharage yaliyopandwa kwa haraka yaliota, yakakauka. Vyura waliojitokeza walibaki njiani, wakavu kama soli za viatu. Kumbikumbi walioponyoka ndoo za watu walitua kwenye udongo uliokwisha kuwa mgumu, wakashindwa kuchimba, na sisimizi wakawabeba. Uani palibaki mabawa. Bibi aliyafagia.

Nilimweleza baba mdogo nilichosoma: kwamba zamani sana nchi hizi ziliwahi kukauka na kulowana tena, misitu ikarudi nyuma na kusonga mbele, na viumbe vingi vikazoea.

"Basi na hawa watazoea."

"Zamani ilikuwa taratibu, baba. Vizazi kwa vizazi. Sasa hivi wanaharakishwa."

"Na mimi msingi wangu umeshachimbwa."

Nikaendelea kugonga kila alasiri. Ningependa kuandika kwamba nilikuwa nawahurumia mchwa. Kwa kweli niliogopa kujulikana kama kijana aliyeshindwa kumdanganya mdudu.

Asubuhi moja baba mdogo akaja na jembe.

"Mama, mvua ilikuja, hawakutoka. Yameisha."

"Ile ilipita tu," bibi alisema. "Mvua haijaanza."

"Itaanza lini?"

"Unaniuliza mimi? Muulize mwenye simu."

Simu ilionyesha wingu. Ilikuwa imeonyesha wingu tangu mwezi uliotangulia.

Baba mdogo akaondoka, akaliacha jembe limeegemea kichuguu ili tusisahau. Wiki hiyohiyo mvua ikaanza, ya kutulia, ikanyesha mpaka udongo ukalainika. Ilipopumzika, mchana, kumbikumbi wakaanza kutoka. Mimi nilikuwa nimelitoa blanketi la bibi kwenye fito ili nilifue, kwa kuwa lilikuwa na doa la matope. Hapakuwa na kibanda, shimo lilijaa maji. Wakatoka wote mbele ya macho yangu, wakapita juu ya jiko, wakaenda zao.

Baba mdogo alifika wakiwa bado wanatoka. Alisimama kando ya jembe lake, kumbikumbi wengine wakitua kwenye nywele zake.

"Sasa tutakula nini?"

"Ugali," bibi akasema. "Kichuguu kizima hicho. Tafuta udongo wako bondeni."

Nimelifikiria jambo hili kupita kiasi. Mdundo wangu ungekuwa mzuri, wangetoka siku ya ile mvua ya kupita, na wale ambao tusingewala wangekufia uani. Huenda walijua. Huenda mimi ni mgongaji mbaya tu. Ningependa kuwa na uhakika, na sina.

Baba mdogo alimtoa mmoja kwenye kola, akamng'oa mabawa, akamtafuna.

"Ana mafuta," akasema, akachukua jembe, akashuka bondeni.

Bibi akaniuliza blanketi lake litakauka lini.