Tumbaku Aliyoipokea Orville

Shangazi yangu Ardith ana maneno makali, na kando ya ziwa letu lote hili sijaona aliyemshinda kwa ubishi. Ndiye anayepanda tumbaku yetu ya ibada nyuma ya nyumba na kuianika jikoni, na ole wako uiguse kabla haijakauka. Kaka yake, Orville, ndiye mwenye kiko cha maombi, ndiye anayewapa watoto majina. Na ndiye aliyekuwa akimaliza pakiti mbili za sigara kwa siku!

Alipompa jina mtoto wa jirani, kikohozi kilimkata katikati, ikabidi aanze upya mara tatu. Daktari alishamwambia mapafu yamechoka. Yeye akajibu eti tumbaku ni dawa tuliyopewa na wazee.

"Dawa!" Shangazi akamrukia. "Moshi wa kiko unauvuta mapafuni wewe?"

"Hapana. Unakaa mdomoni, halafu unapanda na maombi."

"Basi hiyo ya dukani inapandisha maombi gani? Unaibugia tu kama uji!"

Mimi nilikuwa na mimba ya miezi saba, na sikutaka mtu mwingine ampe mwanangu jina ila Orville. Niliogopa hatafika siku hiyo.

Jumapili moja akaja kunywa kahawa. Kwetu, ukiwa na ombi zito unampa mtu tumbaku mkononi. Akiipokea amekubali, hakuna kurudi nyuma. Shangazi akamnyooshea kifurushi cha tumbaku kilichofungwa kwa kitambaa chekundu. Orville akalitazama tumbo langu, akatabasamu, akakipokea upesi.

"Nitampa jina zuri," akasema.

"Nani kataja jina? Nakuomba uache sigara."

Orville akaganda. "We Ardith! Hiyo ni hila. Si ungeniambia kwa mdomo tu?"

"Nimekuambia kwa mdomo miaka kumi na miwili!"

Nilicheka hadi nikashika tumbo. Orville alikigeuzageuza kile kifurushi mkononi. Kukirudisha hawezi. Akatoa pakiti mfukoni, akaiweka mezani kando ya sukari.

Sisemi ilikuwa rahisi. Alinuna, alinenepa, aligombana hata na mbwa. Lakini wakati wa kuvuna mpunga-mwitu unaoota ziwani alisimama amembeba binti yangu, akaliita jina lake kuelekea pande zote nne za dunia, bila kukohoa hata mara moja. Shangazi alikuwa analia waziwazi. Alipoona namtazama, akanifokea nikakoroge supu.