Ala ya Ngozi Niliyomshonea Abba

Sisi tuliokulia Rapsu kabla kila mtoto hajawa na simu yake, mvua hatukuisubiri itabiriwe. Wengine waliangalia mchwa, wengine mawingu ya upande wa milima ya Nyambene. Mimi nilimwangalia Abba. Akitandika gunia uani mchana kweupe na kuketi na chupa ya mafuta na matambara yake meupe, nilijua hazitapita siku mbili kabla hatujaanza kuteleza kwenye matope. Baba yangu alikuwa rizavu, raia aliyekabidhiwa bunduki na serikali ili alinde mashamba na mifugo, na bunduki hiyo iliishi kwetu kama mgeni anayepewa kiti kizuri kuliko wenyeji.

Abba alizaliwa Biliqo, kwenye ukavu. Kule, alituambia, chuma unaweza kukisahau msimu mzima ukakikuta ulivyokiacha. Rapsu ni mifereji, nyanya na ndizi, na kuta za udongo zinazonyonya maji kutoka chini kama utambi wa taa. Mwaka wake wa kwanza pale, jembe lilishika kutu, sufuria ikashika kutu, hata bawaba za mlango zikalia. Hakuwa amesoma popote utunzaji wa silaha zaidi ya mafunzo mafupi aliyopewa. Mengine aliyapata kwa kuangalia kilichoharibika na kujiuliza kwa nini.

Na alivyokuwa makini, jamani! Kwanza alitoa risasi zote, akahakikisha hakuna iliyobaki ndani, akazifungia kwenye mkebe mwingine wenye kufuli lake. Funguo zilikaa shingoni mwake. Hata baada ya hapo, sisi watoto mwisho wetu ulikuwa ukingo wa gunia. Kisha alivuta kitambaa ndani ya mtutu kwa kamba, tena na tena, hadi kikatoka kilivyoingia. Mafuta aliyapaka membamba sana. "Chuma ni kama nyirinyiri," alisema. Nani kati yetu asiyeijua nyirinyiri, ile nyama iliyokaushwa ikazamishwa kwenye samli, ukaila miezi mingi baadaye na bado tamu? "Ikifunikwa vizuri, hewa haipati mlango. Lakini ukizidisha mafuta, unaalika vumbi, na vumbi linaalika maji."

Sanduku lake la mbao lilikaa juu ya matofali, mbali na ukuta. Akirudi doria alfajiri na umande, hakulifunga haraka. Alipangusa bunduki, akaketi karibu nayo akinywa chai ya maziwa ya ngamia mpaka chuma kikazoea joto la nyumba, ndipo akaifungia. Ikishikwa na yeyote, hata yeye mwenyewe, aliifuta alama za vidole. "Jasho lina chumvi," alituambia, "na chumvi haina urafiki na chuma."

Kazi yetu watoto ilikuwa kutafuta vifuko. Mnavikumbuka? Vile vidogo vyenye punje ndani, vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu vipya ili kufukuza unyevu. Wenzangu waliporuka bladda, ule mchezo wa kamba ya mpira, mimi nilizunguka maduka ya Kinna nikiomba vifuko kama vile ni peremende. Abba alivipanga ndani ya sanduku, na vikishalowa alivianika kwenye bati la moto la jua, akavirudisha. Leo kijana akiangusha simu kwenye karai ananiletea ikiwa imezikwa kwenye mchele, na punje mbili zimekwama pale pa kuchajia. Mimi ni fundi wa simu hapa Wabera, mjini Isiolo, niliyejifundisha mwenyewe kwa simu zilizokufa. Namwuliza, "Ulitaka ipone ama iive?" Anacheka. Simcheki sana, kwa sababu nina aibu yangu kubwa kuliko mchele.

Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Nilikuwa mtoto wa wasiwasi, yule anayefuta daftari mpaka karatasi inatoboka, na nilitaka kumpa Abba zawadi ya Idd isiyo na kasoro. Nikaamua kuishonea bunduki yake ala. Akko, bibi yangu mzaa baba, alinipa ngozi ya mbuzi na kunifundisha kuitengeneza: ipake chumvi nyingi, iwambe, ikwangue, ilainishe kwa mafuta. Nikaipaka chumvi mara mbili ya alivyosema. Nikarudia mishono mpaka Akko akachoka nami.

"Wewe Kabale, ngozi ndiyo inatakiwa ikauke, si wewe!"

"Akko, hapa kumepinda."

"Mbuzi mwenyewe alikuwa amepinda. Wacha!"

Sikuacha. Niliibana ile ala hata hewa isingepita, nikajipongeza kwa hilo hasa. Sentensi ya chumvi niliisikia kila wiki, na haikunijia hata mara moja. Ndivyo tulivyo watu wa kutafuta ukamilifu: tunahesabu mishono na hatuoni ngozi.

Siku ya Idd nilimkabidhi. Abba aliigeuza, akaipapasa mshono kwa mshono, akasema haijawahi kushonwa nyingine kama hii Isiolo yote. Akaingiza bunduki ndani, akafunga sanduku, nami nimesimama mlangoni. Kesho yake kabla hakujapambazuka zikaja habari kwamba ndugu yake amezidiwa huko Biliqo. Bunduki ya serikali haitoki eneo lake, kwa hiyo aliiacha chini ya kufuli akaenda. Nyuma yake mvua ikamwagika, barabara ikakatika, na akakaa huko siku tisa.

Aliporudi, siku moja kabla ya polisi kuja kukagua bunduki, alifungua sanduku akaivua ala. Ngozi ilikuwa imevuta unyevu ikaivisha bunduki kama shuka iliyolowa. Mtutu ulikuwa na madoa rangi ya uji wa wimbi. Nilijua papo hapo ni ile chumvi.

Abba hakuniangalia hata kidogo. Alitandika gunia, akaondoa risasi, akalowesha madoa kwa mafuta, na mchana kutwa akayasugua taratibu kwa kifundo cha waya laini wa shaba asije akakwangua chuma chenyewe. Kutu ikaondoka. Lakini pale ilipokwisha kula, iliacha vishimo vidogo kama ngozi ya mtu aliyeugua ndui, na vishimo havina dawa.

Sajini wa kituo cha polisi alikuja asubuhi, mtu wa bara mwenye utani mwingi. "Habari ya hapa, mzee wangu? Leta huyo bibi wa serikali tumwone." Alimpenda Abba. Kila mahali aliwaambia marizavu wengine waje kwetu wajifunze. Akapitisha kidole kwenye mtutu, na utani ukakatika.

"Mzee, kwani umekuwa ukivua samaki na hii kitu?"

Sajini akaigeuza upande wa pili.

"Nani aliiweka hivi?"

"Ni mimi, Sajini."

"Wewe? Wewe ninayewaambia watu wakuige?"

"Ni mimi. Nilizembea."

Mimi nilikuwa hapo hapo, nimeshika sinia la chai. Ningeweza kusema. Sentensi nzima ilikuwa mdomoni, na nikamimina chai. Sajini akaichukua bunduki hadi ukaguzi mwingine, na wiki zote hizo Abba alilinda mashamba dhidi ya ndovu na wezi wa ng'ombe kwa rungu na filimbi. Marizavu wenzake wakamwita Askari wa Refa. Naye alicheka nao. Mimi kila alfajiri nililala macho mpaka nisikie viatu vyake vikikung'utwa matope mlangoni.

Alirudishiwa, na akaitunza miaka mingine mingi. Umri ulipomfikisha pa kuirudisha mwenyewe, askari wa ghala la silaha alivuta kitambaa cheupe ndani ya mtutu na kikatoka cheupe. Akakikunja, akampigia Abba saluti.

Mwaka jana alikuja kunitembelea hapa dukani. Aliniona nikifungua simu moja mara ya nne kwa sababu ya alama ambayo mwenye simu hangeiona. Nikaweka bisibisi chini, na yale ya sinia la chai yakanitoka yote, nikimwomba msamaha kwa chumvi niliyoisahau. Nikamwuliza kama na yeye siku ile aliisahau.

"Kusahau?" alishangaa. "Niliiona chumvi kwenye ngozi kabla sijaishika. Nilipanga niitoe asubuhi ukiwa umelala, habari za Biliqo zikaniwahi."

"Sasa mbona uliiingiza, Abba?"

"Si ulikuwa umesimama mlangoni?"

Enzi hizo wazazi wetu hawakutuambia mara kumi kwa siku kwamba wanatupenda, kama tunavyowaambia watoto siku hizi huku macho yetu yakiwa kwenye simu. Waliyaweka mapenzi yao mahali tusipopaona, wakayalipia kimya kimya. Sisi tumejifunza kutunza kila kitu kwa maelezo ya mtandao: kiwango cha unyevu, aina ya mafuta, siku ya kukagua tena. Mimi najua hayo yote kuliko alivyojua Abba. Na nakiri, ningekuwa mimi, bunduki ile ingetoka kwenye ala kabla mtoto hajageuka mlangoni.