Kijiko cha Kawaida

Mimi huuza mahindi na maharagwe sokoni Kitale, na kitu cha kwanza nilichojifunza ni kutouliza bei kabla ya kuutazama mkebe wa kupimia, yaani gorogoro. Gorogoro ni gorogoro mpaka uipindue. Kuna zile zilizogongwa nyundo, tako likaingia ndani, na mwenye nayo atakuapia mbele ya Mungu kwamba ni ya kawaida. Kwa hivyo mimi hupindua, naweka chini, halafu napindua tena, maana kuna watu wana vidole vyepesi vya kubadilisha mikebe.

Daktari wetu wa familia, hapo hapo Kitale, hajawahi kukutana na mtu wa kumpindulia kitu. Mizani yake ya watoto iko kwenye kona, imebeba magazeti. Nilipompeleka mwanangu wa miaka miwili, kifua kinakoroma, hakumgusa. Aliuliza umri, akaanza kuandika kabla sijajibu. Nimeona askari wa kaunti wakiandika risiti za ushuru kwa makini zaidi.

"Hii ya kikohozi, kijiko kimoja asubuhi, mchana na jioni."

"Kijiko gani, daktari?"

"Kijiko, mama. Cha kawaida."

"Cha kawaida cha nani?"

Akatabasamu vile waliosoma huwatabasamia watu wa soko. "Kwani kwako hakuna vijiko? Haya, mwingine aingie!"

Hakukuwa na mwingine. Kwenye benchi nje kulikuwa na kikapu changu tu.

Nilichagua kijiko kidogo cha chai, nikampa hicho, na kikohozi kikaanza kulegea. Kisha ikabidi niende Naitiri kununua mahindi, nikamwacha mtoto Bungoma kwa mama mkwe, na chupa ya dawa, na kijiko changu kidogo nimekifunga kwenye chupa kwa raba. Nikamwonyesha. Akaitikia kwa kichwa, kama mtu anayengoja mgeni aondoke.

Niliporudi kesho yake mchana, mtoto alikuwa amelala kwenye mkeka. Nikamwita. Nikamkalisha, kichwa kikaanguka kifuani kama cha kuku aliyechinjwa. Alifungua jicho moja, akalifunga.

"Amepoa vizuri," mama mkwe akasema. "Hajasumbua mtu."

"Mama, umempa dawa na nini?"

Akaleta kijiko cha kupakulia maharagwe.

"Na kile changu?"

"Hako? Hako ni ka kukoroga chai, bana. Daktari ameandika kijiko. Mimi nikajua ni hiyo tabia yako ya soko, ati unampunja hata mtoto."

Nilimfunga mtoto mgongoni, nikachukua chupa na kile kijiko kikubwa, nikapanda bodaboda mpaka kliniki ya karibu. Njia nzima nilikuwa nikinyoosha mkono nyuma kusikiliza pumzi zake kwa vidole. Zilikuwepo. Nahesabu, nahesabu tena.

Daktari wa Bungoma alikuwa kama pacha wa yule wa Kitale, ila huyu alikuwa na tai. Alimtazama mtoto kutoka ng'ambo ya meza.

"Malaria hii," akasema, kalamu tayari inakimbia. "Utampa hii ya maji, kijiko kimoja..."

Nikaweka kijiko cha maharagwe juu ya karatasi yake. Kikafunika maandishi yote.

"Hiki?"

Kalamu ikasimama. Akaitazama chupa, akakitazama kijiko, halafu kwa mara ya kwanza akamtazama mtoto. Akainuka. Alimpima pumzi, akampima moyo, akammulika macho. Kumbe mikono alikuwa nayo.

"Hii dawa hulaza," akasema, sauti imeshuka. "Amepewa nyingi mno. Asipewe tena, wala hii niliyoandika. Mkae hapa tumwangalie."

Tulikaa mpaka jua likaanza kuinama. Ndipo mwanangu akainua kichwa mwenyewe, akaona mandazi ya muuguzi, akayalilia kwa sauti ya mtu anayedai haki yake. Sijawahi kufurahia kelele namna hiyo.

Wakati wa kuondoka daktari alifungua droo. Ilikuwa imejaa vikombe vidogo vya plastiki, vyenye mistari ya kupimia dawa, wa chini ukiwa wa mtoto.

"Kumbe viko?"

"Huwa tunapeana, mama. Mtu akiuliza."

"Mimi niliuliza. Kitale."

Akaisukuma droo kwangu. Nilichukua kimoja, nikarudisha mkono, nikachukua cha pili.

Nyumbani kwake, mama mkwe alimpakata mjukuu, akamnusa kichwa. Kisha akajaza maji kijiko chake cha maharagwe, akayamimina polepole kwenye kikombe. Yakafika kwenye mstari wa mtoto. Akakimwaga kikombe, akamimina tena yaliyobaki kijikoni. Yakafika tena, na kijiko bado kilikuwa na maji.

"Ati cha kawaida," akasema, akayarusha yaliyobaki nje ya mlango. "Hako kengine ka plastiki kapelekee huyo daktari wako wa Kitale."

Ndiyo maana nilichukua viwili.