Panga Kwenye Mvua ya Mawe

Watu wa kwetu Magwagwa wana maelezo ya kila kitu. Kaka yangu alipoanza kubadilika kila Januari, jirani alisema amerogwa, mzee wa kanisa akasema ni pepo, na shangazi yangu, ambaye hajawahi kukosa la kusema, akasema ni bangi. Mimi nilisema ni jua. Nikachekwa. Haya, chekeni! Lakini kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na mimi ndiye niliyeishi naye.

Jua likikaza na majani chai yakiacha kuchipua, kaka huacha kulala. Mabati yakilia kwa joto la mchana, husema yanamsengenya. Kiangazi kimoja alimvunja mkono jirani aliyekuja kuazima kiberiti tu. Kiberiti! Mvua ikirudi, naye hurudi mpole, anachuma chai huku akiimba nyimbo za Sabato, anaomba msamaha mpaka unaona haya wewe.

Kwa hivyo kila kiangazi mama alificha panga chini ya godoro lake, na ndizi tukakata kwa kisu cha mboga. Hatukulizungumzia. Ungeanzia wapi?

Mwaka juzi kiangazi kilizidi. Machi iliingia bila tone. Mchana mmoja kaka alikuwa uani, kifua wazi, akizunguka nyumba na kuyatukana mabati. Asubuhi alikuwa ametangaza kwamba sasa anamjua anayeyatuma: ni mama. Mimi na mama tulikuwa ndani, mlango umetiwa komeo. Kila alipopita dirishani, mama alikatiza neno. Niliogopa, tena niliogopa vibaya.

Ghafla kukawa giza, upepo baridi ukavuma, na mawe yakaanza kuanguka.

Mvua ya mawe kwenye chai ni msiba. Huponda kila jani, mkakaa wiki nyingi bila kuchuma. Kwetu, tangu enzi za nyanya zetu, mawe yakianza mama wa nyumba hutupa panga uani ili yakatike. Hata waenda kanisa hutupa, halafu ndipo wanaomba. Mama hakufikiri. Alilichomoa panga chini ya godoro, akafungua mlango, akalirusha nje.

Lilianguka karibu na miguu ya kaka.

"Mama! Umefanya nini?" nilipiga kelele.

Ndipo mama akajishika mdomo. Kaka alilitazama lile panga, mawe yakimpiga kichwani wala hajikingi. Akainama, akaliokota, akaanza kuja. Nilikimbilia mlango niufunge, lakini mama alikuwa amesimama kizingitini.

"Toka hapo, mama! Atakukata!"

"Ni mwanangu," alisema. Hakusogea. Nami, mwenye mdomo mrefu kuliko wote nyumbani, nilichopata kushika ni mwiko.

Kaka alifika mbele yake. Damu na maji vilimtiririka usoni. Alilia kama mtoto, mabega yakiruka. Kisha akaligeuza panga, akamshikisha mama mpini.

"Nipeleke hospitali sasa hivi, mama," alipaza sauti ili tumsikie, "kabla jua halijatoka tena nikakuua."